Winogrand, Maier au Leiter: ujifunze picha za mtaani kwa nani?

Anayetaka kuanza kupiga picha za mtaani kwa kawaida huuliza kwanza anunue kamera gani. Swali hilo huja mapema mno. Cha kuamua kwanza ni umbali: utasimama hatua ngapi kutoka kwa mtu usiyemjua, na macho yako yatakuwa yanatazama wapi wakati unabonyeza. Lenzi, filamu, kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), hata idadi ya picha utakazorudi nazo nyumbani, vyote hufuata jibu la swali hilo.

Wamarekani watatu wametoa majibu matatu yaliyo wazi kiasi kwamba mtu anaweza kuyaweka mezani na kuchagua. Garry Winogrand alisimama mita 1.5 hadi 2.5 mbele ya watu, uso kwa uso. Vivian Maier alisimama mara nyingi kama mita 3, ameinamisha kichwa, akitazama kioo cha kamera iliyoning'inia kifuani. Saul Leiter alijificha nyuma ya kitu: dirisha lenye mvuke, kingo ya mlango, nguo ya mpita njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wote watatu walikuwa New York, katika jiji moja na majira yaleyale, na kazi zao hazifanani hata kidogo.

Walikuwa nani

Winogrand alizaliwa Bronx, New York, tarehe 14 Januari 1928. Alisomea uchoraji, akageukia kamera, akala kwa picha za magazeti na matangazo kabla ya kujitoa mzimamzima kwa mtaa. Mwaka 1967 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilimwonyesha pamoja na wapiga picha Diane Arbus na Lee Friedlander katika maonyesho yaliyoandaliwa na John Szarkowski, na tangu hapo akawa jina ambalo kila mwanafunzi wa picha za mtaani lazima alikabili. Baadaye alifundisha Chicago na katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, akahamia Los Angeles, akafariki Machi 1984 kwa saratani ya kibofu cha nyongo akiwa na miaka 56.

Maier naye alizaliwa Bronx, tarehe 1 Februari 1926, kwa mama Mfaransa na baba wa Austria. Sehemu ya utoto wake aliishi kwenye milima ya Ufaransa. Alirudi New York mwaka 1951, akahamia eneo la Chicago mwaka 1956, na kwa miongo kadhaa alifanya kazi ya yaya. Hakuuza picha wala hakuonyesha. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa kwenye stoo ya kukodi vilipigwa mnada kwa sababu ya kodi iliyolala, na John Maloof akanunua sanduku la negativu (vipande vya filamu ambavyo picha huchapwa kutoka kwavyo) kwa chini ya dola 400. Maier alifariki Aprili 2009, na picha zake zilianza kusambaa mtandaoni miezi michache tu baadaye.

Leiter alizaliwa Pittsburgh mwaka 1923, mtoto wa rabi aliyetarajiwa kuwa rabi. Mwaka 1946 aliacha masomo ya dini akaenda New York kuchora. Alianza kupiga picha za rangi mwaka 1948, wakati ambapo watu makini wa sanaa waliona rangi ni ya matangazo ya biashara. Aliishi East Village kwa zaidi ya miaka 50, na picha zake nyingi bora alizipata hatua chache kutoka mlangoni kwake. Kitabu cha picha zake za rangi kilitoka mwaka 2006, akiwa na miaka 82. Alifariki mwaka 2013.

Vipimo kwa pamoja

Maneno machache kwanza: mm ya lenzi ikiwa ndogo lenzi huona upana, ikiwa kubwa huvuta cha mbali karibu. Fokasi ni umbali ambao lenzi imelengwa ili kitu kitoke kikali. Namba ya f ni tundu la lenzi: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Filamu ya kasi ni ile inayotosheka na mwanga kidogo.

| | Winogrand | Maier | Leiter |
|---|---|---|---|
| Lenzi | mm 28 kwenye filamu ya 35 | mm 75 au 80 kwenye fremu ya mraba ya sm 6 | mm 50 hadi 150 kwenye filamu ya 35 |
| Umbali wa kawaida | mita 1.5–2.5 | mita 2–4 | mita 4 na zaidi |
| Macho ya mpiga picha | mbele, kwa watu | chini, kwenye kioo | kupitia kitu kilichokaribu |
| Filamu | nyeusi na nyeupe, ya kasi | nyeusi na nyeupe. Rangi baadaye | rangi, ya polepole |
| Kinachotoka kikali | mita 1.4 hadi 10 (f/8, fokasi mita 2.5) | mita 2.4 hadi 3.9 (f/8, fokasi mita 3) | sentimita kama 45 tu (mm 90, f/4, fokasi mita 4) |

Mstari wa mwisho ndio muhimu kuliko yote, kwa sababu unaonyesha kosa lako kubwa litakuwa lipi. Kwa Winogrand fokasi haikusumbui karibu kabisa. Kinachokusumbua ni kupanga vitu vingi ndani ya fremu moja. Kwa Maier una dirisha la mita 1.5, na mtu akitoka nje yake amepotea. Kwa Leiter una upana wa mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, hivyo lazima uamue mapema ni kitu gani kimoja kitakachokuwa kikali na kukubali kwamba vingine vyote vitakuwa ukungu.

Winogrand: karibu, haraka, na lenzi pana

Kamera inayohusishwa naye zaidi ni Leica M4, iliyotoka mwaka 1967, yenye lenzi ya mm 28. M4 haina kipima mwanga, wala haina mistari ya fremu ya mm 28 ndani ya kitundu cha kutazamia. Mistari hiyo ilikuja na M4-P iliyofuata baadaye. Ukitumia M4 na lenzi hiyo unahitaji kitundu cha nje kinachokaa juu ya kamera. Kitundu hicho kiko juu ya lenzi, kwa hiyo ukimsogelea mtu chini ya mita 1.5 unaweza kumkata kichwa huku wewe ukikiona kizima. Dawa ni kuinua kamera kidogo kuliko unavyoona inafaa.

Lenzi ya mm 28 kwa umbali wa mita 2 hubeba upana wa mita 2.6 na kimo cha mita 1.7. Yaani unampata mtu mzima karibu kuanzia kichwani hadi viatuni, pamoja na jirani wa kushoto na jirani wa kulia. Hapo ndipo ilipo siri ya picha zake. Katika picha yake ya Hollywood Boulevard ya mwaka 1969, wanawake watatu wanapita kwenye mwanga mkali, kushoto kuna mtu aliyeinama kwenye kiti cha magurudumu kivulini, kulia kuna mtoto kwenye benchi anatazama. Lenzi ya mm 50 ingelazimisha kuchagua kimoja. Winogrand alichukua mambo matatu yasiyojuana na kuyafanya yajibizane.

Jinsi ya kufanya hivyo kwa mkono wako:

Weka ISO 800 (ISO ni kipimo cha kasi ya filamu, au ya sensa, yaani kipokea mwanga cha kamera ya kidijitali). Kwenye jua kali tumia f/11 na 1/1600 ya sekunde. Kwenye kivuli cha majengo, f/8 na 1/400. Fokasi iweke kwa mkono kwenye mita 2.5 na usiiguse tena. Ukipita kutoka upande wa jua kwenda upande wa kivuli, badilisha namba kabla hujavuka barabara, maana baada ya kuvuka utakuwa umechelewa. Kamera yenye sensa ndogo ya APS-C inahitaji lenzi ya mm 18 kupata uwanja uleule. Kamera kuu ya simu nyingi za leo ni sawa na mm 24 hadi 28, kwa hiyo mwenye simu tayari ana lenzi ya Winogrand mfukoni, bila kulipa chochote.

Winogrand mwenyewe alitumia Tri-X ya Kodak, filamu ya ISO 400, lakini aliisukuma hadi karibu 1200 ili apate shata ya 1/1000 na tundu dogo kwa pamoja. Kusukuma maana yake ni kuinyima filamu mwanga halafu kuiacha muda mrefu zaidi kwenye dawa. Kwa dawa ya D-76 isiyochanganywa na maji, kwenye nyuzi 20, Tri-X huchukua kama dakika 6¾ kwa ISO 400 na kama 9½ kwa 1600. Muda huo wa ziada hupandisha sehemu nyeupe, lakini haurudishi maelezo ya vivulini ambayo mwanga haukuyafikia. Ndiyo maana picha zilizosukumwa huwa na weusi uliokufa.

Hapa mpiga picha wa Afrika Mashariki awe macho. Ngozi nyeusi kwenye jua la mchana, chini ya kofia au mwavuli, huangukia hasa kwenye eneo lile ambalo kusukuma hulinyonga. Ukiiga 1200 bila kufikiri, utapata mashati yanayong'aa na nyuso zisizo na macho. Pima mwanga wa uso, si wa barabara, na ongeza hatua nzima moja ya mwanga, yaani mwanga mara mbili. Ukipoteza kidogo kwenye anga si neno. Kwa filamu, Tri-X iliyowekwa 400 au hata 250 na kusafishwa (kutiwa dawa ili picha itokee) kwa kawaida itakupa nyuso nzuri kuliko 1200.

Makosa mengine ya njia hii ni ya kurudiarudia. La kwanza ni kuinamisha fremu ovyo. Picha za Winogrand zimepinda, lakini zikaguliwe vizuri: mara nyingi kuna kitu kimoja kilichosimama wima sawasawa na ukingo wa fremu, mwili wa mtu, nguzo, kona ya jengo, na vingine vyote vimeegemea hicho. Anayepindisha bila kushika wima wowote anapata picha ya mtu aliyejikwaa.

La pili ni kuiba. Wanaodhani kuwa karibu maana yake ni kuvizia hupiga kamera ikiwa kiunoni, wanaondoka mbio, na picha zao zinaonyesha woga huohuo. Waliotembea naye wamesimulia kwamba aliinua kamera hadi jichoni kwa sekunde moja, akatikisa kichwa au akatabasamu, akaendelea na safari. Watu wengi hawakuwa na muda wa kukasirika. Sura ya mpiga picha ndiyo leseni yake.

La tatu ni la wenye Leica ya filamu. Filamu isiposhika kwenye kijiti cha kuvutia, utapiga roli nzima hewani. Baada ya kufunga, kunja mkono wa kuvuta filamu huku ukitazama kitasa cha kurudishia: kisipozunguka, fungua upya. Na kamera hizo zina shata ya kitambaa. Ukiiacha lenzi bila kifuniko ikitazama jua la mchana, jua hutoboa kitambaa kama mtoto anayechoma karatasi kwa kioo.

Maier: mraba, kimya, na kifua

Maier alipata Rolleiflex yake ya kwanza mwaka 1952 na akabaki na aina hiyo kwa miaka mingi, kabla ya kuongeza kamera za mm 35 na filamu za rangi. Rolleiflex ina lenzi mbili: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Unaitazama kwa juu, kwenye kioo cha ukungu. Roli ya filamu ya 120 hutoa picha 12 tu za mraba, lakini kila negativu ina eneo takriban mara 3.6 ya negativu ya mm 35, kwa hiyo uzi wa koti na mkunjo wa shavu vinaonekana.

Kuna mambo mawili ambayo kamera hii hukufanyia bila kukuuliza. Kwanza, jicho la kamera liko kama mita moja kutoka ardhini. Mtoto anaonekana sawa kwa sawa, na mtu mzima anasimama juu yako kama sanamu. Wazee wa Maier, walevi wake, mabibi wake wa makoti ya manyoya, wote wana uzito huo wa kutazamwa kutoka chini. Pili, wewe hutazami mtu. Umeinama, unatazama kisanduku. Kwa watu wengi hiyo haionekani kama shambulio, na hata shata yake, iliyo ndani ya lenzi, hulia kwa sauti ndogo ambayo hupotea kwenye kelele za barabara.

Gharama yake ni kwamba picha kwenye kioo imegeuzwa kushoto na kulia. Mtu anayetembea kwenda kulia kwako, kiooni anakwenda kushoto, na mikono yako itamfuata upande usio wake. Hakuna ujanja wa kukwepa hili isipokuwa mazoezi. Simama dirishani au kituo cha basi bila filamu, ufuate watu 50 wanaopita, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuweka roli ya kwanza. Wanaoruka hatua hii huishia kupiga watu waliokaa tu, halafu husema mraba ni wa picha zilizotulia.

Kwa filamu ya ISO 400: jua, f/16 na 1/500, kivuli, f/8 na 1/250. Shata nyingi za Rolleiflex huishia 1/500, kwa hiyo ISO ya juu zaidi kwenye jua itakukwamisha. Fokasi kwa mita 3 na usubiri mtu aingie; kwa umbali huo mraba wako una upana na kimo cha mita 2.2, mtu mzima na nafasi kidogo juu ya kofia. Ukiwa karibu sana, chini ya mita moja hivi, lenzi ya kawaida haitafokasi, na lenzi mbili zilizopishana zitakudanganya kuhusu ukingo wa juu.

Mitego ya roli: kwenye Rolleiflex za Automat, karatasi ya filamu lazima ipite chini ya roli ndogo za kuhisi unene. Ukipitisha juu yake, kamera haitajua filamu imeanza, kihesabu hakitasogea, na picha zote 12 zimekwenda. Ukimaliza roli, ilambe ukanda wake na uifunge ikiwa imekaza, kivulini, si juani. Roli iliyolegea huingiza mwanga pembeni na kuacha mawingu meupe kwenye picha.

Asiye na Rolleiflex anaweza kuanza na kamera yoyote ya kidijitali yenye skrini inayokunjuka: iweke kwenye uwiano wa mraba, ishike kifuani, lenzi sawa na mm 40. Utapoteza ule ugeuzaji wa kioo, na hilo ni faida, lakini kimo na adabu ya kuinama vinabaki.

Njia ya Maier ndiyo tungempa mtu mwenye ajira ya kutwa. Alifanya kazi ya kulea watoto, na watoto hao ndio waliotembea naye mjini Chicago huku kamera ikiwa shingoni. Negativu zake ni zaidi ya 100,000, idadi ya kutisha, lakini ukiigawa kwa miaka 45 unapata kama picha 6 kwa siku. Nusu roli. Mtu anayekwenda kazini kwa miguu au kusubiri basi anaweza kupiga picha 6 kwa siku bila kuacha chochote, kama atabeba kamera kila siku. Neno "kila siku" ndilo gumu.

Leiter: rangi, mvua, na subira

Leiter tumpitie haraka, si kwa kuwa ni mdogo, bali kwa kuwa njia yake ina maelezo machache na mazoezi mengi. Alipenda lenzi ndefu. Wakati fulani alikuwa na ya mm 150. Kodachrome, filamu ya rangi ya wakati ule, ilikuwa na kasi ya ISO karibu 10 tu. Siku ya mawingu mazito, hata ukifungua tundu hadi f/2.8, unabaki na 1/40, kasi ambayo lenzi ndefu hutikisika mkononi. Basi ulegevu na ukungu wa picha zake haukuwa mapambo ya kubandikwa. Filamu ilimlazimisha, naye akaufanya kuwa lugha. Alinunua pia filamu zilizopita muda wake na kukubali rangi zake zilizoyumba.

Angalia "Through Boards" ya mwaka 1957: sehemu kubwa ya fremu ni mbao nyeusi, na mtaa umebanwa kwenye ufa mwembamba katikati. Mwanafunzi wa kawaida angesogea aondoe mbao. Kwa Leiter mbao ndizo picha.

Zoezi lake: subiri mvua au magari yenye vioo vya mvuke. Lenzi sawa na mm 75 hadi 100 (kamera ya kuvuta ya simu mara 3 inatosha), ISO 800, f/4, 1/250 jioni ya mvua. Weka kitu kilichokaribu kifunike nusu ya fremu au zaidi. Tafuta rangi moja tu yenye nguvu, mwavuli, taa ya gari, kofia, na uache nyingine zote ziwe kijivu au kahawia. Kosa kubwa ni kuwa na rangi tatu zinazogombana. Kosa jingine ni kufokasi kwenye matone ya kioo huku mtu nyuma akiwa doa lisilosomeka: matone yakiwa makali, mtu lazima awe na umbo linalotambulika kwa kivuli chake pekee, ndiyo maana alipenda kofia na miavuli.

Atakaye rangi lakini hataki kujificha amtazame Joel Meyerowitz, mzaliwa wa Bronx wa mwaka 1938, aliyeacha kazi ya matangazo mwaka 1962 baada ya kumwona mpiga picha Robert Frank akipiga. Alitembea mitaani New York pamoja na Winogrand, na kwa muda alibeba kamera mbili, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe, akipiga tukio moja kwa zote mbili ili aone rangi inaongeza nini. Jaribio hilo bado ni mwalimu mzuri.

Baada ya kupiga: hapo ndipo wengi wanapoangukia

Winogrand alipofariki aliacha roli kama 2,500 ambazo hazijasafishwa, na nyingine kama 6,500 zilizosafishwa ambazo hakuwahi kuzichapia hata karatasi ya kuzitazamia. Zidisha roli hizo 9,000 kwa picha 36: ni zaidi ya picha 320,000 ambazo mwenyewe hakuziona. Alikuwa na desturi ya kuacha filamu mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuisafisha, ili furaha ya kupiga ipoe na asichague picha kwa sababu ya alivyojisikia siku ile. Wazo hilo ni sahihi kabisa. Utekelezaji wake ndio uliomshinda, hasa miaka ya Los Angeles, alipopiga sana akiwa ndani ya gari na picha nyingi zikatoka zimetikisika.

Maier alifika palepale kwa njia nyingine. Alipokuwa na familia moja ya Chicago alikuwa na bafu lake mwenyewe, akaligeuza chumba cha giza. Alipoondoka hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipoteza chumba, na roli zikaanza kurundikana bila kusafishwa, mamia kwa mamia.

Tunachoshauri: chelewesha kuchagua, usicheleweshe kusafisha. Picha iliyofichika kwenye filamu isiyosafishwa hufifia, na joto na unyevu huharakisha hilo, rangi ikiumia kuliko nyeusi na nyeupe. Andika tarehe, mahali na ISO kwenye kila roli siku hiyohiyo, isafishe ndani ya mwezi, kisha ifunge kwenye bahasha miezi sita kabla ya kuchagua. Kwa kidijitali ni vivyo hivyo: nakili kadi kwenye diski mbili usiku huohuo, usifute kitu, usichague kitu, rudi baada ya miezi.

Jambo hili lina uzito pia kwa anayesoma kazi zao. Picha za mwisho za Winogrand zilichaguliwa na Szarkowski na wengine baada yake. Karibu kila picha ya Maier tunayoijua imechaguliwa na waliozinunua. Jinsi ambavyo angepunguza au kupanga mwenyewe hatuioni. Leiter alikuwa hai kuziona zake zikitoka. Kwa hiyo ukitaka kujifunza uchaguzi wa picha, Leiter na vitabu ambavyo Winogrand alivitoa kabla ya 1984 ni walimu salama kuliko kumbukumbu yote ya Maier.

Kisha kuna haki. Aliyenunua negativu za Maier alinunua plastiki, si hakimiliki. Mwaka 2014 suala hilo lilifika mahakamani Chicago, mirathi ikawekwa chini ya msimamizi wa umma wa Cook County, na makubaliano na Maloof yakaja miaka miwili baadaye. Kwa sheria ya Marekani hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa Maier hadi mwisho wa 2079. Mwenye picha na asiye na wosia aandike wosia, hata ukurasa mmoja. Kuhusu wanaopigwa, New York ni jiji lenye uhuru mpana: mwaka 2006 mahakama ya huko ilitupilia mbali kesi dhidi ya Philip-Lorca diCorcia, aliyepiga wapita njia wa Times Square bila kuwaomba na kuziuza kama sanaa. Uhuru huo hausafiri nawe. Soma sheria ya nchi unayopigia, hasa ya taarifa binafsi na ya maeneo ya serikali.

Namna ya kuamua

Toa siku tatu, mtaa mmoja, saa zilezile, kamera uliyo nayo. Siku ya kwanza piga picha 72 kwa lenzi sawa na mm 28, hakuna mtu mkuu aliye mbali zaidi ya mita 2.5. Siku ya pili picha 12 tu, mraba, kamera kifuani, mita 3. Siku ya tatu lenzi ndefu kabisa uliyo nayo, kila fremu iwe na kitu cha mbele kinachofunika nusu. Zifungie wiki mbili. Kisha usihesabu zilizo nzuri, kwa sababu bado hakutakuwa na nyingi. Hesabu ni mara ngapi kila siku uliona picha ukaiacha. Siku ya Winogrand utaacha kwa woga, siku ya Maier kwa ubahili wa fremu, siku ya Leiter kwa kukosa subira. Woga hupungua kwa wiki chache za kutoka kila siku, na ubahili huisha mkono ukizoea. Ukikuta uliyoacha yote ni ya kukosa subira, usinunue lenzi ndefu mwaka huu. Chukua mm 28 na anza upande wa mtaa wenye jua.